Enjili Katika Bahari ya Utenzi

Mwaka 1996 Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho, kusini mwa Tanzania, walitoa tenzi tano za mtunzi mmoja. Nne ni Enjili za Mathayo, Marko, Luka na Yohana. Ya tano ni Matendo ya Mitume. Mtunzi mwenyewe alikuwa mzee wa miaka sabini na minne, aliyepata kuwa mwalimu wa sekondari, kisha Waziri Mkuu wa Tanganyika, kisha Rais kwa zaidi ya miaka ishirini: Julius Kambarage Nyerere. Kwa wingi wa beti, hakuna kazi yake nyingine ya ushairi inayozikaribia. Kwa uchache wa wasomaji, nadhani pia hakuna.

Kila kundi lina udhuru wake. Wapenzi wa ushairi wa mwambao, waliolelewa na kasida na maulidi, wamesikia neno Enjili wakadhani hayo ni ya kanisani. Waumini wa bara, waliolelewa na nyimbo za kwaya, wamesikia neno utenzi wakadhani hayo ni ya madrasa. Wanasiasa nao, wawe wa kumsifu au wa kumlaumu, wameziona kuwa ni tasbihi ya mstaafu, kitu cha kumpitishia mzee jioni zake kule Butiama. Mimi niliyejifunza ushairi kwa kuwasikiliza wakubwa wakighani na kwa kuazima vitabu, na ambaye nusu ya riziki yangu hutoka katika tafsiri, naziona kwa jicho jingine. Naamini kwamba anayetaka kujua Ukatoliki wa Nyerere ulifanya kazi gani duniani, katika utumishi wa umma, katika mali na katika utamaduni, hana budi kuzisoma tenzi hizi pamoja na Azimio la Arusha na tafsiri zake za Shakespeare. Zote tatu zinatoka katika mkono mmoja, na swali lake ni moja: mtu aliyeshika dini yake kwa dhati atawatumikiaje watu ambao si wa dini hiyo, asiifiche wala asiwatwishe?

Tuanze na chombo chenyewe. Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kufundishwa utenzi ni nini: vipande vinne vya mizani minane, vitatu vya mwanzo vikipatana vina, cha nne kikishika kina cha bahari tangu ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Inafaa kukumbusha tu kwamba chombo hicho ni cha Waislamu wa mwambao. Mwengo wa Athumani alikitumia Pate mwaka 1728 kusimulia vita vya Tambuka. Mwana Kupona binti Mshamu alikitumia mwaka 1858 kumwusia binti yake. Na muda mrefu kabla ya mmisionari wa kwanza kuchapa sura moja ya Biblia kwa Kiswahili, visa vya Ayubu na Yusufu vilikuwa vikighaniwa barazani kwa mizani hiyo hiyo. Kwa hiyo aliyeamua kuitia Enjili katika utenzi hakuwa anaingia nyumba tupu. Manabii walikwisha kaa humo.

Wakatoliki walifika kwenye lugha hii kwa kupitia kisiwa chetu. Padri Armand Fava alishuka Unguja mwaka 1860 akitokea Réunion. Mapadri wa Roho Mtakatifu wakafuata mwaka 1863, na mwaka 1868 wakavuka kwenda Bagamoyo. Kanisa lao la Mji Mkongwe, ambalo wenyeji tunaliita Minara Miwili, lilijengwa katika muongo wa mwisho wa karne ya 19, na hata leo baharia anayeingia bandarini huona minara yake pamoja na ile ya misikiti. Ila jengo lao lililo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, si la mawe. Padri Charles Sacleux, aliyefika Unguja mwaka 1879, alikusanya maneno kwa miongo mingi, akitenganisha la Kiunguja na la Kimvita, la Kiamu na la Kingazija, akiandika na majina ya mimea kwa sababu alikuwa pia mtaalamu wa mimea. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka Paris mwaka 1939. Sijui kitabu kingine cha zamani ambacho mtafsiri wa pwani anaweza kukifungua usiku wa manane na kukuta neno la bibi yake limehifadhiwa na maana zake zote. Sacleux alikuja kuhubiri. Alichotuachia ni usikivu.

Hao walikuwa wageni. Mkatoliki mwenyeji aliyeingia katika bahari ya utenzi kwa nguvu zake zote alitoka Ugogo, mbali kabisa na maji ya chumvi. Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 upande wa Dodoma, akafanya kazi ya serikali kwa ngazi mbalimbali, akawa liwali, akawa hakimu, na huku akitunga. Katika miaka ya 1960 alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi, vyote kwa wachapaji wa misheni ya Ndanda. Ndiye pia aliyetufanyia ngonjera kuwa sanaa ya shule na mikutano. Kitabu chake cha Ngonjera za Ukuta kilitoka mwaka 1970, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Mnyampala alikuwa Mgogo, na Kiswahili cha mashairi alikipata kwa kusoma na kwa kushirikiana na malenga wa pwani, wengi wao Waislamu. Yule aliyewaandikia watunzi wa zama hizo sheria za kazi yao alikuwa Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye Sheria za Kutunga Mashairi zake zilitoka mwaka 1954. Basi Zaburi za Daudi zilivikwa vina na karani wa Kikatoliki ambaye kanuni za vina alizikuta zimekwisha andikwa na sheikh, wala hakuna aliyeona ajabu. Natamani tuione ajabu hiyo sasa, maana zimekuja zama ambazo watu hupimana kwa majina yao kabla ya kusomana.

Nyerere alitoka mbali zaidi. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, katika nyumba isiyokuwa ya Kikristo wala ya Kiislamu. Alibatizwa Desemba 1943, akiwa na miaka ishirini na mmoja, katika mwaka ule ule alioingia Makerere. Jambo hili watu hulipita haraka, nami nalisimamia kidogo. Dini yake hakuirithi kama mtu anavyorithi shamba. Aliichagua akiwa mtu mzima, baada ya miaka ya kusoma na kuuliza, na mtu wa namna hiyo hujua kwamba jirani yake naye angeweza kuchagua vingine. Alifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, akaenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi mwaka 1952, akafundisha Mtakatifu Fransisko, Pugu. Mwaka 1954 TANU ikazaliwa, na Machi 1955 akaacha ualimu, yaani mshahara wa misheni, kwa ajili ya siasa isiyokuwa na mshahara.

Na nani waliompokea Dar es Salaam? Wazee wa mji ule, aghalabu Waislamu, ndio waliomfungulia milango, wakamwombea dua, wakamwazima majina yao mbele ya watu ambao hawakumjua kijana huyu wa bara. Miongoni mwao alikuwamo Sheikh Hassan bin Ameir, mwanachuoni mzaliwa wa Makunduchi, mtu wetu. Nitarudi kwake.

Sasa mali. Katika Enjili kuna mfano wa ngamia na tundu ya sindano, na mfano huo huo, kwa shabaha nyingine, umo ndani ya Kurani. Mtoto wa chuoni anaujua kabla hajajua kusoma gazeti. Kwa Nyerere ngamia huyo alikuwa ni kiongozi wa umma mwenye biashara. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Aliwafukuza karibu mia nne, na hapo hapo akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi mitatu baadaye ukaja mkutano wa Arusha. Azimio la mwaka 1967 hukumbukwa kwa benki na makampuni yaliyotaifishwa, lakini sehemu ambayo mimi huisoma kama mtu asomavyo wasia ni ile ya masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya mtu binafsi, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na kwa neno kiongozi, Azimio linahesabu mtu pamoja na mkewe, au pamoja na mumewe, ili pasiwe na mlango wa uani.

Msomaji ataniuliza: Ukatoliki uko wapi hapo? Azimio halimtaji Kristo. Hilo ndilo ninalolisema. Mwezi Machi wa mwaka ule ule, wiki chache baada ya Azimio kutangazwa, Papa Paulo VI alitoa waraka wake juu ya maendeleo ya mataifa, na ndani yake aliandika kwamba haki ya mtu kumiliki mali haiwi juu ya haja ya wote. Nyaraka hizi mbili hazikunakiliana. Zilichota katika kisima kimoja. Lakini Papa aliweza kutaja jina la kisima, kwa sababu aliwaandikia kwanza watu wake. Nyerere aliwaandikia Waislamu, Wakristo na watu wa mizimu ya wazee wao, na akachagua maneno ambayo kila mmoja angeweza kuyaapia kwa kitabu chake au bila kitabu. Penye waumini wenzake alisema waziwazi zaidi. Oktoba 1970, mbele ya masista wa Maryknoll huko New York, aliwaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki kupinga mipango ya jamii inayowaweka watu katika ufukara, litakuwa limejifungamanisha na dhuluma. Alitofautisha vikao. Kwa masista alizungumza kama muumini anayedai haki kwa ndugu zake. Kwa taifa alizungumza kama mtumishi.

Katikati ya mambo haya alikuwa akitafsiri. Julius Caezar ilitoka mwaka 1963, akiwa Rais, na alipoisahihisha akaitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo ikaja Mabepari wa Venisi, na hapa mtafsiri hana budi kusimama na kuvua kofia. Katika Kiingereza cha Shakespeare, mfanyabiashara wa anwani ni mmoja, naye ni Antonio, Mkristo mwema anayekopesha bila riba. Mwalimu angeweza kuandika tajiri, au mfanyabiashara, au mchuuzi. Aliandika mabepari, kwa wingi.

Neno bepari lilikuja kwetu kwa majahazi kutoka Gujarati, na huko maana yake ilikuwa ni mfanyabiashara tu, bila lawama. Mababu zetu walilitumia kwa mwenye duka la nguo au la nafaka. Ila baada ya Azimio neno hilo lilikwisha badilika ladha. Bepari akawa ni mtu anayekula jasho la wengine. Kwa hiyo anwani ya mwaka 1969 ina maana mbili ndani yake, ile ya dukani na ile ya mkutano wa hadhara, nayo inaukumba mji mzima. Mayahudi Shailoki anadai ratili ya nyama. Lakini Wakristo wanaomtemea mate nao wanaishi kwa shehena na faida, nao wamo ndani ya wingi ule. Mkatoliki aliyetafsiri tamthilia hii angeweza kuiacha iwe hadithi ya Mkristo mwema na mla riba mbaya, kama ilivyochezwa Ulaya kwa karne nyingi, tena kwa madhara makubwa. Kwa herufi mbili tu, ma-, aliwaketisha watu wa dini yake kizimbani pamoja na yule waliyemhukumu. Sisi wa pwani, ambao riba tumekatazwa na wakopeshaji tunawajua kwa majina, tunaisoma anwani hiyo na kuelewa zaidi ya alivyoelewa mwanafunzi wa London.

Mwaka 1968 aliwaita washairi akawaomba walieneze Azimio kwa tungo zao. Mengi yaliyotungwa kwa wito ule yamekufa na gazeti la siku yake, na sioni sababu ya kuyafukua. Mwito wenyewe ulikuwa na hatari: mshairi akizoea kuitwa Ikulu, husahau njia ya kwenda kwingine. Lakini ulionyesha kwamba mtu huyu aliamini ushairi unaweza kubeba mambo mazito, na imani hiyo hakuidai kwa wengine tu.

Haitakuwa haki kuishia kwenye sifa, hasa katika jarida la kisiwani. Mtu aliyeweka masharti makali juu ya mfuko wa kiongozi hakuweka masharti makali vile vile juu ya mkono wa dola. Sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi ilipitishwa mwaka 1962 na ilitumika. Mwaka 1973 kuhamia vijijini kuliacha kuwa hiari kukawa amri, na mamilioni walihamishwa. Wapo waliochomewa nyumba ili wasirudi. Ujamaa uliodai kujengwa juu ya undugu ulifika kwa wengine ukiwa kwenye lori. Wapo wanaosema hayo yalikuwa makosa ya watendaji. Siukubali udhuru huo kwa ukamilifu wake. Aliyetoa amri alijua amri huwa na mikono.

Na kuna deni kwa Waislamu. Desemba 1968 jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki ilipigwa marufuku, na BAKWATA ikashika nafasi yake chini ya kivuli cha chama. Sheikh Hassan bin Ameir, yule aliyempokea Nyerere miaka ya hamsini, alikamatwa mwaka huo na kurejeshwa Zanzibar kwa amri ya serikali. Waislamu wengi hawajalisahau jambo hili, na hawana wajibu wa kulisahau. Wapo wanaolitumia kuthibitisha kwamba Mkatoliki yule alikuwa akilitumikia kanisa lake kwa siri. Ushahidi mwingine unakwenda kinyume: kwa sheria ya elimu ya mwaka 1969 serikali yake ilizitwaa shule za mashirika, ambazo nyingi zilikuwa za misheni, ili watoto wa dini zote waingie. Pugu aliyofundisha ilitwaliwa. Mtakatifu Maria ya Tabora ilitwaliwa, ikaitwa Milambo. Maaskofu hawakupoteza majengo tu. Walipoteza chombo walichokuwa wamekitegemea zaidi kwa kulea vijana wao. Mimi husoma matukio haya mawili pamoja, nikaona tabia moja: aliogopa chombo chochote cha dini chenye nguvu ya kusimama pembeni ya dola, kiwe cha masheikh au cha mapadri. Tofauti ni kwamba mapadri walinyang'anywa shule wakaachiwa uongozi wao, na masheikh walinyang'anywa uongozi wenyewe. Tofauti hiyo si ndogo, wala haifutwi na nia njema.

Aling'atuka urais mwaka 1985 na uenyekiti wa chama mwaka 1990. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana hapa kwetu, na kwa uamuzi ambao watu waliuita Azimio la Zanzibar, masharti ya uongozi yalilegezwa: hisa zikaruhusiwa, mishahara miwili ikaruhusiwa, nyumba za kupangisha zikaruhusiwa. Ni bahati mbaya ya majina kwamba kisiwa chetu kimebandikwa uamuzi huo, kana kwamba ngamia alipitishwa tundu la sindano Unguja. Yeye alikuwa akisema hadharani kwamba vitabu viwili havimtoki mkobani, Biblia na Azimio la Arusha. Wengi walicheka. Kumbe kimoja kati ya hivyo viwili alikuwa akikitia vina.

Hebu tuitazame kazi hiyo kama wafanyakazi wa lugha. Mizani minane ni chumba kidogo. Yerusalemu peke yake hula mitano. Wafarisayo hula mitano. Pontio Pilato anabakiza miwili tu. Mathayo anaanza na nasaba, vizazi kumi na vinne mara tatu, na kila jina ni jiwe: Yehoshafati, Zerubabeli. Mtunzi wa tenzi za Ayubu na Yusufu alikuwa na uhuru wa kupunguza na kuongeza, kwa sababu alikuwa anasimulia. Mtu anayetafsiri Enjili mstari kwa mstari hana uhuru huo. Akiongeza neno kwa ajili ya kina, amemwekea Yesu neno mdomoni. Amekaa kati ya sheria mbili, ya malenga na ya maandiko, na zote mbili hazisamehi. Yapo mahali ambapo beti zake zinachechemea, na kina kimeitwa kwa nguvu kutoka mbali. Sikio la Lamu au la Pemba litayagundua mara moja. Yapo mahali, hasa katika mifano na katika mazungumzo, ambapo masimulizi yanakwenda kama yamezaliwa humo, kwa kuwa mfano wa Enjili ni kisa kifupi cha barazani na utenzi ni mama wa visa.

Msamiati nao ulikuwa umemngojea. Malaika, mtume, nabii, dhambi, rehema, shetani, roho, imani: maneno haya yote Kanisa liliyakuta pwani, yakiwa yamekwisha sali karne kadhaa kwa Kiarabu na Kiswahili. Mmisionari aliyaazima kwa haja. Nyerere aliyarudisha katika mizani yalikozoea kukaa. Na katika anwani aliandika kitu kinachomfanya msomaji wa pwani atabasamu: Enjili kadiri ya utongozi wa Mathayo, utongozi wa Luka. Kwetu sisi kutongoza kuna maana yake ya kichochoroni, na sitaieleza. Lakini lipo tongoa la zamani, kusema, kutamka, kulieleza jambo likawa wazi, na hilo ndilo alilolitaka. Angeweza kuandika mwandiko au maelezo, asingechekwa. Alikwenda kulitafuta neno la zamani kwa sababu utenzi hutongolewa, hauandikwi tu, na Luka alimtaka awe mtu anayesema mbele ya watu.

Tena tutazame mwaka. 1996 ni mwaka alioshika upatanishi wa Burundi, nchi ambayo watu wake wengi ni Wakatoliki, iliyokuwa ikichinjana tangu 1993, jirani ya Rwanda iliyokwisha kuona mauaji ya kimbari mwaka 1994, nayo Wakatoliki wengi. Mzee aliyetumia asubuhi yake kusikiliza watu waliobatizwa wakihesabiana maiti ndiye aliyekuwa ametoka kuzifanyia kazi beti za Mathayo juu ya kumpenda adui. Sitaki kudai kwamba kazi moja ilizaa nyingine. Tafsiri ndefu huanza miaka mingi kabla ya kuchapwa. Nasema tu kwamba alijua vizuri kuliko wengi kwamba ubatizo peke yake haumzuii mtu panga, na hata hivyo hakuyaweka chini maandiko hayo. Alifia London tarehe 14 Oktoba 1999, kabla mkataba wa Burundi haujatiwa saini; ulitiwa saini Arusha, Agosti 2000, mbele ya Nelson Mandela aliyeshika kazi baada yake.

Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilianza mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na tangu hapo Wakatoliki humwita Mtumishi wa Mungu. Cheo hicho kwa Kiswahili kinakaa jirani na kile cha mtumishi wa umma, na sidhani kama lugha nyingine ingewaweka karibu namna hiyo. Kama atafika katika altare, hilo ni la Kanisa lake kuamua, nasi wengine hatuna kura. Tunayo kura katika jambo la tenzi. Hazimo katika mikusanyo ya ushairi ambayo vijana wetu husoma, na Mnyampala, aliyetangulia kwa zaidi ya miaka thelathini, hukumbukwa kwa ngonjera tu. Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi wanajulikana na kila aliyepita sekondari zamani. Luka wa Nyerere hajulikani hata kwa maghani wanaojua Mwana Kupona kwa moyo, ingawa mahadhi yale yale yangemchukua bila kubadili kitu, mizani minane kwa minane, na kipande cha nne kikirudi nyumbani kila mara.